Ladha ya Mama Isiwe Mzigo wa Mama Peke Yake

Ukimtajia mtu wa huku kwetu chakula cha Wajapani, aghalabu atakunja uso na kukuuliza, "Si ndio wale wanaokula samaki mbichi?" Naam, samaki mbichi huliwa huko, na wanaomwandaa humwandaa kwa ustadi mkubwa. Lakini kumjua Mjapani kwa samaki mbichi ni sawa na kumjua Mswahili kwa biriani ya arusi. Biriani ina siku yake. Kinachomlea mtoto ni kile kipikwacho nyumbani asubuhi na jioni, kisichoalikiwa wageni wala kutangazwa. Ni chakula hicho cha kila siku ninachotaka kukizungumza leo, kwani ndani yake mna jambo ambalo Wajapani wenyewe linawashughulisha, nasi pia halituhusu kidogo: nani atakayekipika?

Nianze na lugha, maana mshairi haachi kazi yake. Ziko lugha kubwa ulimwenguni ambazo zina neno moja tu kwa mmea ulioko shambani, punje zilizomo guniani na chakula kilichomo sahanini. Sisi tuna mpunga, mchele na wali. Wajapani nao wana ine, kome na gohan. Tena, kama sisi, wana neno la kile kinacholiwa pamoja na wali. Wao husema okazu, nasi twasema kitoweo. Hata ukoko una jina lake huko, okoge, na wako wanaoupenda kama watoto wa kwetu wanavyougombania. Neno gohan lina maana mbili, wali na mlo. Kwa hiyo kifunguakinywa huitwa wali wa asubuhi, hata kama siku hiyo mezani pana mkate na chai tu. Watu ambao lugha zao zimeutazama mpunga kwa macho yanayofanana hivyo hawawezi kuwa wageni kabisa wao kwa wao.

Mlo wa nyumbani una mpango wake wa zamani, nao ni supu moja na vitoweo vitatu. Bakuli la wali huwekwa upande wa kushoto wa mlaji na la supu upande wa kulia. Nyuma yake hukaa kitoweo kikubwa, mara nyingi samaki wa kuchoma au wa kuchemsha, pamoja na viwili vidogo vya mboga, mwani au tofu, ile inayotengenezwa kwa maharagwe ya soya. Achari haikosi. Kila kitu huwa kidogo katika chombo chake, na macho hula kabla ya mdomo.

Roho ya mapishi haya ni mchuzi mwepesi uitwao dashi. Mwani mpana uitwao kombu, ambao sifa zake kubwa ni ule wa Hokkaido, kaskazini, hurowekwa na kupashwa moto, kisha hutolewa kabla maji hayajachemka. Baadaye hutiwa mapande membamba ya samaki wa jamii ya jodari aliyechemshwa, akafukizwa moshi na kukaushwa mpaka akawa mgumu kama mti, hata hukatwa kwa randa kama ya seremala. Mwaka 1908 mtaalamu wa kemia Kikunae Ikeda aliichunguza ladha ya kombu, akaona kwamba si tamu, si chungu, si kali wala si ya chumvi, akaipa jina lake, umami. Lakini kina mama walikuwa wakiijua kwa ndimi zao karne nyingi kabla ya yeye kuijua kwa chupa zake.

Katika mchuzi huo hukorogwa miso, nayo ni soya iliyosagwa ikachanganywa na chumvi na ukungu maalumu unaooteshwa juu ya mchele au shayiri, ikaachwa iive kwa miezi au miaka. Ya Kyoto ni nyeupe na tamu, ya Sendai ni nyekundu na ina chumvi, na ya pande za Nagoya ni nyeusi na nzito. Zamani kila nyumba ilijitengenezea yake, na kila nyumba iliona yake ndiyo bora. Ndiyo maana Wajapani humwambia mtu anayejisifu kwamba anasifia miso yake. Sisi twasema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Kabla ya kula, Mjapani husema itadakimasu, yaani napokea kwa unyenyekevu. Amalizapo husema gochisosama. Sisi tuna Bismillahi na Alhamdulillahi, na shukrani zetu tunamwelekezea Mola. Lakini neno lao la pili lina siri ambayo mimi nimeipenda. Limeandikwa kwa alama za kupiga mbio. Maana yake ya asili ni kumshukuru yule aliyekimbia huku na huko, akatafuta kuni, akatafuta samaki, akatafuta mboga, mpaka chakula kikafika mbele yako. Basi hapo ndipo ninapouliza: ni nani huyo aliyekimbia? Kwa karne nyingi jibu limekuwa moja. Ni mama wa nyumba, naye aghalabu ndiye wa mwisho kuketi.

Msomaji wangu Mwislamu ataniuliza, na ana haki, kama chakula hicho chalika kwetu. Msingi wake chalika. Wali, samaki, mwani, tofu na mboga havina neno. Ila lazima mtu awe macho, kwa sababu vitoweo vingi vya kuchemsha hutiwa sake, ambayo ni pombe ya mchele, au mirin, ambayo ni pombe tamu ya kupikia, na tambi za mikahawani mara nyingi huwa katika supu ya mifupa ya nguruwe. Niliwahi kukaa siku chache nyumbani kwa watu wa Osaka. Siku ya kwanza nilimweleza mwenyeji wangu hali yangu, naye hakuona taabu. Aliiweka mirin kando, akatumia sukari kidogo na tangawizi. Chakula kilikuwa cha Kijapani vilevile. Bibi mzee wa nyumba hiyo alikuwa na pipa dogo la wishwa wa mpunga uliotiwa chumvi, ambamo matango na biringani huzikwa yakawa achari. Kila siku aliukoroga kwa mkono mtupu, maana usipokorogwa huharibika. Alirithi wishwa huo kwa mama mkwe wake. Nilimuuliza nani ataukoroga baada yake. Alicheka, hakunijibu.

Wako wanaosema kwamba tatizo ni ugeni. Wao husema mwacha asili ni mtumwa, na kwamba Wajapani watapotea kwa kuacha vya kwao na kushika vya watu. Methali naiheshimu, lakini kwanza tuulizane hiyo asili ni ipi. Mwaka 675 Mfalme Tenmu alikataza kula nyama ya ng'ombe, farasi, mbwa, kima na kuku katika miezi ya kilimo, na kwa karne nyingi watu wengi waliikwepa nyama, ijapokuwa si wote. Mwaka 1872 ikatangazwa kwamba Mfalme Meiji amekula nyama ya ng'ombe, na nchi ikamfuata. Tempura, ile ya kuchovya katika unga na kukaanga, ina asili ya Wareno waliofika huko katika karne ya 16. Mchuzi wa bizari ulifika kwa mkono wa Waingereza, waliouchukua kwa Wahindi, na leo ni chakula cha nyumbani ambacho kila mtoto wa Kijapani hukidai. Sisi wa pwani, ambao bizari ilitujia kwa majahazi, hatuna haki ya kumcheka mtu kwa hilo.

Hata ile sura ya ukoo mzima kuizunguka meza moja ya chini si kongwe kama inavyodhaniwa. Zamani kila mtu alikuwa na kisanduku chake chenye bakuli zake, akala kwa zamu ya cheo chake nyumbani. Meza ya duara yenye miguu ya kukunja ilienea mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hiyo vyakula vimebadilika, meza imebadilika, na Mjapani amebaki Mjapani. Ugeni haukumwua.

Tazama sasa karamu yao ya Mwaka Mpya, ambayo tangu 1873 huangukia Januari mosi. Huandaliwa vyakula vya kukaa siku kadhaa, vikapangwa katika masanduku ya kubebana, ili jiko na mpishi wapumzike. Kila chakula ni fumbo. Maharagwe meusi huitwa mame, na mame pia ni uchapakazi na uzima. Kombu hufanana na neno la kufurahi. Mayai ya samaki ni dua ya wingi wa watoto. Kamba mwenye mgongo uliopinda ni dua ya kuishi mpaka uzee. Dagaa wakavu wanawakumbusha mashamba ya mpunga, kwa kuwa hapo kale dagaa walikuwa mbolea. Huo ni ushairi uliopikwa, na malenga yeyote ataufurahia.

Pamoja na masanduku hayo kuna supu ya zoni yenye maandazi ya mchele uliotwangwa. Mashariki andazi ni la mraba, magharibi ni la duara. Kyoto supu ni ya miso nyeupe, na Kagawa ndani ya andazi hutiwa maharagwe matamu, jambo ambalo watu wa miji mingine huliona kioja. Mume wa mashariki akimwoa mke wa magharibi, Mwaka Mpya wa kwanza wana shauri la kukata: ni supu ya kwa nani itakayopikwa? Nalipenda swali hilo, kwa maana nyumba inayobishana juu ya supu ni nyumba ambayo bado inapika.

Ila nyumba nyingi siku hizi hazibishani. Masanduku ya Mwaka Mpya huagizwa dukani, tayari yamejazwa. Mwaka 1962 Mjapani mmoja kwa wastani alikula mchele karibu kilo 118 kwa mwaka. Katika miaka hii ya 2020 ni kiasi cha kilo 50 hivi, yaani chini ya nusu. Desemba 2013 shirika la UNESCO liliiandika mila ya chakula cha Wajapani, hasa kile cha Mwaka Mpya, katika orodha ya urithi wa wanadamu. Ulimwengu ulipiga makofi, na mikahawa ya Kijapani ikazidi kuenea katika miji mikubwa ya dunia. Lakini cheti hakipiki. Kwa sifa ugenini chakula hicho kimepanda, na kwa vyungu nyumbani kimeshuka. Mwaka 2024 mchele uliadimika madukani, bei ikapaa, na mwaka 2025 serikali ikalazimika kufungua akiba yake. Ndipo wengi walipokumbuka kwamba nyuma ya wali kuna mkulima, na kwamba mkulima huyo amezeeka.

Kwa nini imekuwa hivyo? Wengine wanalaumu mkate na unga wa maziwa walivyopewa watoto mashuleni baada ya vita. Wengine wanalaumu tambi za kumwagia maji ya moto, alizozitoa Momofuku Ando mwaka 1958. Na wengi, hasa wanaume wa rika langu, wanawalaumu wanawake. Wanasema mama wa leo anakwenda kazini, hapiki, na watoto hawaijui tena ladha ya mama. Wajapani wana msemo wao wa hiyo ladha ya mama, nao husemwa kwa mapenzi na huzuni, hasa na wanaume.

Hapa ndipo ninapotengana nao. Msemo huo ni mtamu, lakini ndani yake mna mzigo. Ukisema ladha ya nyumba ni ladha ya mama, umekwisha kuamua kwamba mama akichoka, akiugua au akienda kazini, nyumba haina ladha. Umeining'iniza mila ya taifa zima kwenye mkono mmoja. Na wazee wetu walisema mkono mmoja haulei mwana. Basi utaleaje mila?

Historia yenyewe inanipa ushahidi. Kabla ya mwaka 1955 kupika wali Japani kulimtaka mwanamke aamke alfajiri, awashe kuni au makaa na kuulinda moto asibanduke. Mwaka huo kampuni ya Toshiba ilitoa chungu cha umeme kinachojizima wali unapoiva. Fundi aliyepewa kazi ya kukibuni alikuwa Yoshitada Minami, na aliyepika na kupima majaribio yake alikuwa mkewe, Fumiko. Walikuwako waliosema kwamba mwanamke anayetaka kulala huku wali ukijipika ni mvivu. Lakini chungu hicho hakikuuondoa wali nyumbani, bali kiliubakiza. Nyumba ambayo mama hakuwa na nafasi ya kuulinda moto iliweza kuendelea kula wali wake. Kumpunguzia mpishi taabu kulikuwa ni kuilinda mila.

Ushahidi wa pili ni shule. Chakula cha shule cha kwanza huko kinahesabiwa kuwa kile cha mwaka 1889 katika mji wa Tsuruoka, ambako watoto maskini walipewa matonge ya wali, samaki wa chumvi na achari. Mwaka 1954 ikatungwa sheria ya chakula cha shule, na mwaka 1976 wali ukaingizwa rasmi baada ya miaka mingi ya mkate. Watoto huvaa kofia na aproni nyeupe wakawapakulia wenzao, wavulana kwa wasichana, kisha wakapangusa meza. Mwaka 2005 ikaja sheria ya elimu ya chakula. Na kabla ya hapo, mwaka 1993 katika shule za kati na mwaka 1994 katika shule za juu, somo la mambo ya nyumbani, pamoja na upishi, lilianza kuwa la lazima kwa wavulana sawasawa na wasichana. Mimi naiona hatua hiyo ina uzito kuliko cheti cha UNESCO, ijapokuwa haikupigiwa ngoma.

Wa tatu ni mtaa. Watafiti wa huko walianza tangu miaka ya 1980 kuonya juu ya watoto wanaokula peke yao, nyumba kimya, wazazi kazini. Mwaka 2012 muuza mboga mmoja wa Ota, mjini Tokyo, alifungua mahali pa watoto kula chakula cha nyumbani kwa bei ndogo hata kama mzazi hakuwako. Leo mabaraza ya namna hiyo ni maelfu nchini kote, na wapishi wake ni majirani, wazee na wanafunzi. Mtu atasema hiyo si nyumba. Nami namjibu kwamba mtoto aliyekula wali wa moto pamoja na watu wanaomjua jina amekula nyumbani.

Najua hoja ya upande wa pili, nayo si ya kupuuzwa. Wanasema kipikwacho na wengi hakina mwenyewe, na kwamba ile siri ya mkono, chumvi ya kukadiria kwa vidole, haifundishwi shuleni. Ni kweli. Lakini siri ya mkono haifundishwi kwa kumwachia mama jiko peke yake vilevile. Hufundishwa kwa mtoto kusimama kando akatazama, akatumwa, akakosea, akarudia. Jiko lenye mtu mmoja halina mwanafunzi. Wishwa wa yule bibi wa Osaka utaharibika kwa kukosa mkono wa pili, si kwa kukosa mapenzi.

Kuna neno moja la Kijapani ambalo Mkenya alilipeleka mbali. Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alizuru Japani mwaka 2005, akalisikia neno mottainai, yaani masikitiko ya kukiona kitu chenye thamani kinapotea bure. Alilipenda, akalitangaza duniani. Wajapani hulitumia sana mezani. Alama yao ya mchele wanaifumbua kuwa themanini na nane, na watoto huambiwa kila punje imepita kazi 88 kabla ya kufika bakulini, basi asiache hata moja. Wengi hulikumbuka neno hilo wanapoona wali umebaki. Mimi naliona linafaa pia kwa ujuzi. Bibi anayekufa na mapishi yake hali nyumba ina vijana wanne waliokaa sebuleni wakingoja kupakuliwa, hiyo nayo ni mottainai.

Nasi je? Wanaume wa pwani si kwamba hatujui kupika. Kwenye arusi na maulidi, ni wanaume wanaosimama juu ya masufuria makubwa, wakakoroga pilau kwa miko kama makasia, na watu wakawasifu. Kumbe mkono unajua. Unachokosa ni kuingia jikoni Jumanne jioni, pasipo mgeni wala sifa, kukuna nazi na kupara samaki pamoja na mwenye nyumba. Wajapani wametumia sheria na miaka mingi kuwafikisha wavulana wao hapo. Sisi hatuna haja ya kungoja sheria. Leo jioni mama akiweka chungu mekoni, mwite mwanao wa kiume, mpe mbuzi na nazi, nawe baba usibaki nyuma: samaki hao nao wanataka kuparwa.